Mwezi ukiandama ghafla, pilau utaipika saa ngapi?

Ramadhani ina hesabu moja inayowatoa jasho akina mama wote, wa ofisini, wa hotelini na wa pwani kwenye mwani. Ni 29 au 30? Jioni ya mwezi 29 redio imefunguliwa mpaka mwisho, watoto wako nje wamekodoa macho magharibi, na wewe umesimama jikoni na kilo 2 za nyama hujui uipeleke wapi. Mwezi ukiandama, hiyo ni nyama ya pilau. Usipoandama, kesho watu bado wamefunga na wanataka futari. Tangazo la Mufti likichelewa mpaka saa 3 za usiku, basi tena! Hapo utasikia vinu vinagongwa mtaa mzima, na kila nyumba inamtuma mtoto kwa jirani.

"Shikamoo Bi Mkubwa, mama anaomba uzile kidogo."

"Marahaba mwanangu. Mwambie mamako hata mimi nautafuta."

Wapo wanaosema hiyo ndiyo raha yenyewe ya Idi. Ina raha yake, sikatai. Lakini raha ile ilikuwa ya nyumba zenye mikono mingi: bibi yupo, shangazi yupo, wifi wawili wapo, na mabinti wa kukuna nazi hawapungui watatu. Leo hapa kwetu Fumba nyumba nyingi ni baba, mama na watoto, na wakubwa wote wawili wana kazi. Rasi hii ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi tangu miaka ya 1990, lakini kwa muda mrefu ilibaki vichaka na mawe. Sasa kuna kiwanda cha maziwa cha Azam, kuna nyumba za Fumba Town zilizoanza kujengwa katika miaka ya 2010, kuna boti za kupeleka wageni kisiwani Kwale. Zote hizo zinataka watu, na watu wenyewe ndio sisi. Anayefanya kazi mjini naye ana safari ya karibu kilomita 20 kwa daladala, akirudi jua limeshaanza kuzamia upande wa Bara. Mtu kama huyo umwambie akeshe usiku wa mwezi mwandamo? Atakesha, maana hakuna mama anayetaka watoto wake waamke Idi Mosi hawana kitu. Ila kufika saa 8 mchana ameshalala kwenye kiti, mdomo wazi, wageni wanamwangalia.

BAMVUA NA IDI NI NDUGU

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wa mjini huwa hawalitii akilini. Idi Ndogo ni Mfungo Mosi, siku ya kwanza, yaani mwezi mchanga. Na mwezi mchanga ndio bamvua. Maji yanatoka kweli kweli, yanakauka mbali mnamo saa 4 na saa 5 za asubuhi, na hizo ndizo saa za mwani: kufunga kamba, kuvuna, kupanda upya. Mama wa Fumba au wa Bweleo mwenye shamba lake baharini hawezi kuiambia bahari ingoje apike. Akiliacha bamvua hili anangoja jengine, wiki mbili hivi, na mwani ulioiva ukipigwa na mawimbi unakatika unakwenda zake.

Kwa hiyo zile siku mbili tatu za mwisho, ambazo wenzake wanazunguka Darajani na Mwanakwerekwe kutafuta viatu vya watoto, yeye yumo ndani ya maji mpaka magotini, tena amefunga. Anarudi saa 7 au saa 8 mchana na gunia kichwani, anauanika mwani wake, na futari ya siku hiyo bado inamtazama. Wanaokwenda kuokota chaza na kombe ni vile vile. Halafu usiku mwezi unatangazwa! Yaani mwezi huo huo mmoja umemwita baharini asubuhi, na usiku unamwita jikoni.

Idi Kubwa ina huruma zaidi. Hiyo ni Mfungo Tatu, siku ya 10, maji mafu, tena siku yake inajulikana tangu mwezi ulipoonekana, una siku tisa za kujipanga. Ndiyo maana leo nazungumzia hii Idi Ndogo yenye vishindo.

KILA JIONI MKONO MMOJA

Dawa yangu ni ndogo. Kazi ya Idi usiilaze usiku mmoja, igawe kwenye kumi la mwisho. Kila jioni unafanya kitu kimoja tu, tena kile ambacho tayari unakifanya kwa ajili ya futari.

Chukua nazi. Ramadhani hapa kwetu haipiti siku bila nazi: muhogo wa nazi, ndizi za nazi, majimbi, shelisheli likiwapo. Mbuzi ya kukunia imeshatolewa, mikono imeshachafuka. Basi kuna moja ya zaida, itie kwenye mfuko mdogo, funga, weka friza. Usiikamue kwanza. Tui likishakamuliwa ni jepesi kuchacha, hasa kwa joto letu hili. Ukianza mwezi 23, kufika mwezi 28 una nazi sita zilizokunwa na hujasikia uzito wowote. Siku unayoitaka unaimwagia maji ya moto, unakamua, tui zito limetoka. Wapo wanaosema tui la boksi linafaa. Linafaa kwa chai ya wageni wasiojua nazi! Basi, natania, ukizidiwa nunua tu, hakuna atakayekufunga.

Sambusa ni hivyo hivyo. Ukifunga kumi za futari, funga ishirini. Zile za zaida zipange mbichi kwenye sinia zisigusane, zigande, kisha zitie mfukoni. Siku ya Idi unazitia kwenye mafuta ya moto zikiwa na barafu yake, usizingoje ziyeyuke, maana manda zikilowa zinapasuka na nyama yote inabaki kwenye karai.

Viungo vya pilau, yaani uzile, pilipili manga, hiliki, mdalasini na karafuu chache, vichambue na uvikaange kidogo bila mafuta ukipata nafasi wiki ile, vitie kwenye chupa kavu. Saga nusu, nusu iache nzima. Vitunguu maji vikate vingi siku moja, ulie mara moja, uvikaange mpaka viwe rangi ya kahawia, uvichuje mafuta. Hivyo ndivyo vinavyoipa pilau rangi, siyo zile rangi za kununua. Thomu na tangawizi twanga pamoja, ukizitia na mafuta kidogo ni vizuri, lakini chupa yake ikae kwenye friji au friza. Isikae kabatini hata siku moja, thomu kwenye mafuta mahali pa joto inaweza kuota sumu isiyokuwa na harufu.

Visheti, vileja na tambi za kukaanga viishe mwezi 25. Vinakaa. Kopo lifungwe vizuri na liwekwe juu ya kabati, na wenye watoto mnajua kwa nini. Kaimati lakini usizitangulize, kaimati ya jana ni jiwe.

NYAMA YA NJIA MBILI

Hapa ndipo penye siri, na hapa nataka unisome pole pole.

Nyama usiingoje mwezi. Inunue mwezi 28 au 29 asubuhi, maana siku ya mwisho foleni ya buchani ni ndefu na bei haina adabu. Kazi ya kununua mpe baba, kwa kuwa anapita sokoni akirudi kazini. Mwezi 29 alasiri, ukiwa unapika futari, tia nyama yote kwenye sufuria moja kubwa na thomu, tangawizi, chumvi na ndimu, ichemke mpaka ikaribie kulainika. Usitie bizari, usitie tungule, usitie kitu chochote cha kuifunga kwenye pishi moja. Iwe nyama na supu yake tu.

Sasa fungua redio ukiwa umekaa.

Mwezi umeandama? Alhamdulillahi, una nyama ya pilau na supu ndiyo maji yake. Mwezi haujaandama? Alhamdulillahi vile vile. Supu kidogo na vipande vichache vinakwenda kesho na ndizi mbichi au mbatata, hiyo ni futari ya heshima, na iliyobaki imo ndani ya friji katika supu yake inangoja usiku wa pili. Hukupoteza chochote. Mwenzako aliyekwisha kuitia nyama mtindi na masala ya biriani tangu saa 10 jioni ndiye anayezunguka chumbani akisema mbona mwaka huu mwezi umetufanyia hivi.

Mchele wa mkate wa kumimina nao una njia mbili. Uloweke mchana wa mwezi 29. Ukiandama, usiku unausaga na tui, sukari, hiliki na hamira, unauacha uumuke, alfajiri unauoka kwa moto wa juu na chini. Usipoandama, mchele ule ule kesho ni vitumbua vya futari. Mchana wa mwezi 30 unaloweka mwengine, na safari hiyo huna wasiwasi kwa sababu mwezi 31 haupo.

Pilau yenyewe alfajiri haikuchukui zaidi ya saa moja na robo kama ulivyotayarisha. Kilo 2 za mchele zinawatosha watu 10 mpaka 12, ikiwa pana vitu vengine mezani. Osha mchele uuloweke nusu saa. Mafuta, viungo vizima, vitunguu ulivyokwisha kukaanga, thomu na tangawizi, nyama, mbatata, kisha supu. Kwa kila kikombe cha mchele vikombe 2 vya supu, pungufu kidogo kama mchele uliloweka. Maji yakilingana na mchele, funika, punguza moto wa chini, palia makaa juu. Wanaume wakirudi kuswali Idi wanakuta harufu tu, na wewe umeshaoga.

Na biriani? Mimi nasema biriani siku ya Idi Mosi kwa mama aliyetoka kazini jana yake ni kujitafutia ugomvi wa bure. Ipeleke Idi Tatu, au ipeleke kwa mama mkwe, ukale huko.

FRIJI, UMEME NA JIRANI

Najua nimetaja friji mara nyingi na si kila nyumba inayo. Asiyekuwa nayo asijaribu kuilaza nyama iliyochemshwa juu ya jiko usiku kucha kwa kuamini kuwa alfajiri ataichemsha tena. Joto la Unguja si la mchezo. Bora moja katika mawili: nafasi kwenye friza ya jirani, na nafasi hiyo iombwe mapema, siyo usiku wa Idi wakati friza yake imeshajaa, au kuku wa hai anayechinjwa alfajiri. Kuku wa kisasa anaiva haraka. Kuku wa kienyeji jogoo mzee achana naye, atakuaibisha mbele ya wageni.

Na wenye friji msijione mmefika. Waulizeni wakubwa zenu Desemba 2009, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka friji zilivyogeuka makabati ya vyombo. Siku hizi si hivyo, ila umeme kukatika saa kadhaa bado upo. Friza iliyojaa ikiwa haifunguliwi inashikilia baridi yake kwa siku nzima na zaidi. Iliyo nusu inayeyuka mapema. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, na waambie watoto waache kuifungua kila dakika kutazama kama malai yameganda.

MCHELE WA ZAKA USISAHAULIKE

Jambo hili linawavuruga wengi kwenye bajeti. Unapohesabu mchele wa Idi, hesabu na wa zaka ya fitri siku hiyo hiyo. Kila kichwa ndani ya nyumba ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kama kilo 2 na nusu hivi, hata mtoto mchanga amo. Nyumba ya watu sita ni kilo 15, na inatakiwa itoke kabla ya swala ya Idi. Sasa mtu amenunua kilo 10 zake za mapishi, usiku wa mwezi mwandamo ndiyo anakumbuka zaka, anachota kwenye ule ule mchele wa pilau. Asubuhi pilau inakuwa ya kuonjeana. Nunua gunia dogo mkigawana nyumba mbili, weka fungu la zaka pembeni tangu mwezi 20, andika juu yake ili msichana wa kazi asilipike.

BABA NAYE

Kwenye harusi zetu hapa Unguja ukitaka biriani ya watu mia tatu unamwita nani? Mpishi mwanamume, na msuli wake na mwiko mrefu kama kasia. Hakuna anayemcheka. Sasa kwa nini mwanamume huyo huyo akiwa nyumbani kwake hawezi hata kuchambua mchele? Sisemi apike yote. Nasema kukuna nazi, kununua nyama, kuwasha jiko alfajiri na kupalia makaa ni kazi nne zisizohitaji ufundi. Mama wa mwani aliyesimama baharini saa tano na saumu yake akirudi akute ndizi zimeshamenywa, mbona hiyo si aibu. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wanaweza kufunga sambusa. Zitakuwa na pembe nne badala ya tatu, lakini zitalika.

Halafu kuna wale ambao siku ya Idi yenyewe wako kazini. Hoteli haifungwi kwa Idi, wagonjwa hawafungwi kwa Idi, na mlinzi wa geti ndiyo kabisa. Nyumba ya namna hiyo nani kaipangia kwamba pilau lazima iliwe saa 7 mchana? Asubuhi watoto wale mkate wa kumimina, tende, tambi na chai ya maziwa, wavae nguo zao, wapewe mkono wa Idi, wapelekwe viwanjani na shangazi yao. Pilau ipikwe saa 11 jioni mama au baba akisharudi zamu, wakae mkekani wote. Mtoto anachokumbuka ni kwamba walikula pamoja, saa haimhusu.

KIPORO

Nimalizie na hili maana limewapeleka watu wengi hospitali wakadhani ni jicho la mtu. Pilau ya Idi Mosi tunaipenda sana kuila Idi Pili asubuhi, hata wengine wanasema ndiyo tamu zaidi. Haina ubaya, lakini isilale kwenye sufuria yake juu ya seredani. Wali ukikaa saa nyingi kwenye vuguvugu unaota vijidudu, na vijidudu hivyo vinaacha sumu isiyokufa hata ukiupasha moto mpaka uungue. Wageni wa mchana wakishaondoka, utandaze uliobaki kwenye sinia pana upoe upesi, kisha ndani ya friji, usipite saa mbili. Kesho pasha moto ule unaotaka kula tu, ufuke moshi kweli. Hakuna friji? Basi ugawe jioni hiyo hiyo, na Idi ndiyo siku ya sahani kutembea mlango kwa mlango. Kachumbari ya jana usiijaribu kabisa, na chochote cha tui kilichokaa mpaka usiku kitupe, ukisikia uchungu wa pesa kumbuka bei ya dawa.

Idi Pili mimi napendekeza pweza. Bamvua lile lililotusumbua lina zawadi yake, siku hizo pweza wanapatikana hapa Fumba kuliko siku nyengine zote, na bei yake inashuka. Mnunue hata mwezi 28, msafishe, mtie friza. Pweza akishaganda halafu akayeyuka anakuwa laini bila ya kumpiga juu ya mawe nusu saa. Mchemshe na ndimu na thomu kwa maji yake mwenyewe, kisha tungule, bizari kidogo, na tui la ile nazi yako ya mwezi 23. Kwa wali mweupe au kwa mkate wa boflo, chagua.

Kalenda ya taifa ina siku 2 za mapumziko, sisi sikukuu tunaila siku 4. Idi Tatu ofisini wanakungoja, na pwani bamvua bado lipo, kamba zinakuita. Siku hiyo asiulize mtu kuna nini. Kuna maharage ya nazi, kuna boflo, na kama kopo la visheti lilifichwa vizuri, kuna cha kunywea chai ya jioni. Ile mbuzi ya kukunia uliyomwazima jirani mwezi wa Shaabani, kaidai wiki hii kabla foleni haijaanza.